Giza lako si giza: liposomu za mwanga zinazovuja kabla leza haijawashwa

SWALI

Mshauri, shikamoo.

Nasoma shahada ya uzamili ya sayansi ya dawa. Utafiti wangu ni wa nanochembe zinazobeba dawa ya saratani na kuiachia pale tu zinapomulikwa mwanga mwekundu. Natumia liposomu, yaani vifuko vidogo sana vya lipidi (mafuta), zenye doksorubisini, dawa ya saratani, ndani na lipidi ya porfirini, rangi inayonyonya mwanga, kwenye utando. Mchanganyiko wangu, kwa asilimia za moli, ni DSPC 53 na DOPC 20 (lipidi mbili za kujenga utando), kolesteroli 20, lipidi yenye PEG 5 na lipidi ya porfirini 2. Nakausha lipidi, nazilowesha kwa amoniamu salfeti ya milimola 250, nazipitisha mara 11 kwenye chujio la nanometa 100 kwa nyuzi 60, nafanya dayalisisi (kuosha nje ya liposomu kupitia utando wenye vitundu) kwa saa 2, kisha naingiza dawa. Ukubwa unatoka nanometa 105 hadi 115, hapo sina shida.

Shida zinaanza baadaye. Siku ya kwanza leza inatoa asilimia 80 ya dawa, matokeo mazuri kabisa. Baada ya siku 7 kwenye friji, asilimia 35 imeshatoka kabla sijawasha chochote. Kwenye seramu, kwa nyuzi 37 na gizani, robo ya dawa inatoka ndani ya saa 24. Tena nikimulika mikrolita 100 kwenye sahani ya visima 96 dawa inatoka vizuri, ila nikimulika kijichupa cha plastiki cha mililita 1.5 kilichojaa, kwa leza ileile na dakika zilezile 10, inatoka asilimia 20 tu. Na kinachoniumiza kichwa zaidi: liposomu tupu, zisizo na dawa, zikimulikwa zinaua seli karibu sawa na zile zenye dawa.

Leza ni ya nanometa 665, nguvu miliwati 500, na doa lake lina kipenyo cha sentimita 1. Liposomu nazitunza kwenye vichupa vya kioo, nimevipanga safu mbili kwenye friji la maabara lenye mlango wa kioo.

Msimamizi wangu anataka muhtasari wa utafiti wa kuwasilisha kwenye mkutano uende kabla ya mwisho wa mwezi, ukiwa na kichwa kinachosema tumetengeneza nanochembe zinazolenga saratani ya umio, kisha tuanze panya. Sitaki kumvunjia heshima, na sitaki kuandika nisichoweza kukitetea. Nishike wapi kwanza?

Mwanafunzi wa uzamili, Dar es Salaam

JIBU

Marahaba. Shika giza kwanza. Utafiti wako unadai jambo moja, kwamba dawa hukaa ndani mpaka mwanga uje. Nusu ya dai hilo inathibitishwa gizani, na kwa jinsi ulivyoeleza, giza lako si giza.

Tazama friji. Lipidi ya porfirini haisubiri leza ya nanometa 665. Mnyonyo wake mkubwa kuliko wote uko kwenye zambarau na buluu, karibu na nanometa 410, na taa za kawaida za maabara zina buluu ya kutosha. Mlango wa kioo, vichupa vya kioo kisicho na rangi na siku 7: hapo liposomu zimemulikwa polepole juma zima. Porfirini ikipokea mwanga huipa nguvu oksijeni iliyo jirani, nayo oksijeni hiyo, iitwayo singleti, hushambulia viungo maradufu vya DOPC na kolesteroli. Utando unatoboka. Hiyo ndiyo njia unayoitaka itokee chini ya leza, ila wewe umeiruhusu ianze kwenye rafu.

Kipimo chake hakikugharimu kitu. Toa vichupa vya safu ya mbele na vya safu ya nyuma vya toleo moja, upime dawa iliyovuja kwenye kila kimoja. Vya mbele vikiwa vimevuja zaidi, umeshapata sehemu ya jibu. Kuanzia toleo lijalo, funga kila kichupa kwa karatasi ya alumini mara mbili tangu hatua ya kukausha lipidi, kiweke ndani ya boksi lisilopitisha mwanga, na ufanye kazi taa za dari zikiwa zimezimwa na mapazia yamefungwa. Taa moja hafifu pembeni inatosha kuona pipeti.

Giza lako lina tundu jingine kwenye sahani. Visima vya sahani ya 96 vimeachana milimita 9 kutoka kitovu hadi kitovu, na kisima kimoja kina upana wa takriban milimita 6.4. Doa lako ni milimita 10, kingo zake hazikatiki ghafla, na plastiki angavu huusafirisha mwanga kwenda kwa majirani. Ikiwa visima vyako vya giza viko kwenye sahani ileile, vimeonja mwanga. Tumia sahani yenye kuta nyeusi, ruka visima kati ya kimoja na kingine, na visima vya giza viwe kwenye sahani ya peke yake. Sahani hiyo nayo itolewe kwenye inkubeta na kukaa mezani dakika zilezile, imefunikwa.

Hata hivyo friji halielezi uvujaji wa kwenye seramu. Huo unatoka kwenye mchanganyiko wenyewe. DSPC huyeyuka kwenye nyuzi 55, kwa hiyo kwenye joto la mwili mikia yake imepangana kama matofali. DOPC huyeyuka chini ya sifuri, kwenye nyuzi 17 hasi hivi. Ukiweka 20 kati ya 100, umeingiza tope kati ya matofali. Tena kolesteroli ya 20 ni ndogo mno kuziba nyufa hizo, na protini za seramu zinajua kuzitafuta. Kikundi cha Jonathan Lovell kule Buffalo, Marekani, ambacho mwaka 2014 kilionyesha liposomu za namna hii zikifunguka kwa mwanga mwekundu, baadaye kilionyesha pia kwamba DOPC kidogo tu inatosha kuharakisha utokaji wa dawa. Neno ni kidogo. Jaribu DSPC 48, DOPC 5, kolesteroli 40, lipidi ya PEG 5 na porfirini 2. Tengeneza pia toleo lisilo na DOPC kabisa, DSPC ikiwa 53, ulinganishe. Toleo hilo litachelewa kufunguka chini ya leza lakini litatulia gizani, na tofauti kati ya hayo mawili ndiyo itakayokuambia uongeze kiasi gani.

DOPC yenyewe iangalie umri. Iliyokaa kwenye klorofomu na kufunguliwa kila wiki huwa imeshaoksidika kabla hujaigusa, na umeme unaokatika unaliyeyusha jokofu la nyuzi 20 hasi bila mtu kujua. Igawe kwenye vichupa vidogo vya kioo vyenye kifuniko cha teflon, puliza naitrojeni au agoni juu yake kabla ya kufunga, na kichupa kikishafunguliwa usikirudishe kusubiri mwezi ujao. Usitumie plastiki kwa klorofomu. Huyeyusha vitu vitakavyoingia kwenye utando wako.

Sasa dayalisisi ya saa 2. Hapa nina wasiwasi mkubwa, maana sehemu ya dawa unayosema imevuja huenda haikuwahi kuingia. Doksorubisini huvutwa ndani kwa sababu amoniamu salfeti iko ndani tu, nje haipo. Amonia hutoroka kupitia utando, ndani kunabaki tindikali, dawa inaingia ikiwa haina chaji, inapata chaji na kuganda pamoja na salfeti. Salfeti ikibaki nje, mvuto unadhoofika, na dawa hubaki imejibandika juu ya utando. Siku ya kwanza utaihesabu kama ya ndani, siku ya saba utaihesabu kama iliyovuja. Fanya dayalisisi dhidi ya ujazo mara 100 wa liposomu zako, ubadilishe bafa mara 3 ndani ya saa 24. Bafa nzuri ni sukrosi ya asilimia 10 yenye histidini ya milimola 10, pH 6.5. Kisha weka dawa kwa uzito wa 1 kwa lipidi 8, nyuzi 60, saa 1, na uitumbukize kwenye barafu mara moja. Ipitishe kwenye safu ya Sephadex G-50, punje za jeli zinazotenganisha vitu kwa ukubwa: liposomu hutangulia na ukanda wao mwekundu, dawa huru hufuata nyuma taratibu. Iliyoingia ikiwa chini ya asilimia 90, usiendelee na leza. Rudi nyuma utafute kosa.

Kuhusu kupima utokaji. Doksorubisini iliyobanana ndani hujizima mng'ao wake, ikitoka inang'aa. Soma kwa kuchochea kwenye nanometa 480 na kupokea kwenye 590, kichujio chembamba, kwa sababu porfirini nayo hung'aa huko juu ya 650 na kichujio kipana kitaichukua. Mwishoni weka Triton X-100, sabuni ya maabara, ifikie asilimia 0.5 kufungua zote, acha ipoe mpaka joto la usomaji wa kwanza, ndipo usome. Asilimia iliyotoka ni usomaji wako ukitoa usomaji wa mwanzo, ukigawanya kwa usomaji wa Triton ukitoa usomaji uleule wa mwanzo, mara 100. Wengi husahau kwamba "mwanzo" ni baada tu ya kupita kwenye safu, siyo asubuhi ya jaribio. Ukitumia asubuhi ya jaribio kama mwanzo, uvujaji wote wa friji unafutika kwenye hesabu na matokeo yanapendeza kuliko haki yake. Na usisome kila sekunde 10, maana hata taa ya kifaa ni mwanga.

Twende kwenye leza. "Miliwati 500, dakika 10" haitoshi mtu mwingine kurudia kazi yako. Doa la kipenyo cha sentimita 1 lina eneo la sentimita za mraba 0.785, hivyo unapiga miliwati 637 kwa kila sentimita ya mraba, na kwa sekunde 600 hizo ni jouli 382. Ni nyingi mno. Ulinganisho mmoja: Visudyne, dawa ya mwanga ya macho iliyo ndani ya liposomu, humulikwa kwa miliwati 600 kwa sentimita ya mraba kwa sekunde 83 tu, yaani jouli 50. Wewe umezidi hapo zaidi ya mara 7, na kwa ukali huo huenda unapika kisima. Weka lenzi ya kutawanya, doa liwe sentimita 2, ushushe hadi miliwati 100 kwa sentimita ya mraba. Kwa doa hilo jumla yake ni miliwati 314. Zipime kwa kipimia nguvu pale sampuli inapokaa. Namba iliyoandikwa kwenye boksi la leza haihesabu kilichopotea njiani. Angalia pia kwamba nguvu katikati ya doa na pembeni hazitofautiani sana. Kisha chora mstari wa dozi: jouli 0, 5, 10, 25, 50 na 100, yaani sekunde 0, 50, 100, 250, 500 na 1,000. Nukta moja ya asilimia 80 haisemi lolote. Mstari unaopanda kwa mpangilio unasema mengi.

Tumbukiza waya mwembamba wa kupima joto kwenye kisima wakati leza inapiga, kwenye kisima cha ziada usichokitumia kwa hesabu. Joto lolote utakalolipata, weka sampuli nyingine kwenye maji ya joto hilohilo, gizani, kwa dakika hizohizo. Hapo ndipo utakapojua kama mwanga unafungua kwa kemia au kwa joto. Watu huchanganya kwa sababu ukoo huu una njia mbili. Zile pofisomu za kikundi cha Gang Zheng wa Toronto za mwaka 2011 zina utando ambao karibu wote ni porfirini, nazo hugeuza mwanga kuwa joto. Zako zenye asilimia 2 hutengeneza oksijeni singleti. Ili kuthibitisha, weka sodiamu azidi ya milimola 5, ambayo huizima singleti. Utokaji ukishuka sana, ni kemia. Azidi ni sumu; usiichanganye na tindikali wala kuimwaga kwenye sinki lenye mabomba ya risasi au shaba.

Kijichupa cha mililita 1.5 sasa kinajieleza chenyewe. Tuseme mchanganyiko wako una mnyonyo wa 1 kwa kila sentimita kwenye 665, yaani kila sentimita mwanga hupungua mara 10. Mikrolita 100 kwenye kisima zina kina cha milimita 3 hivi, na karibu nusu ya mwanga inafika chini. Kwenye kijichupa kilichojaa, ukishuka sentimita 3 imebaki sehemu 1 kati ya 1,000. Walio juu wanaungua, walio chini wako usiku. Halafu kuna oksijeni: maji yaliyoshiba hewa kwenye nyuzi 37 yana takriban milimola 0.2 tu, na chini ya mwanga mkali huisha pale penye mwanga kabla ya nyingine kushuka kutoka juu. Tandaza sampuli iwe na kina kisichozidi milimita 3, au uizimue na kuikoroga kwa sumaku wakati wote, na kifuniko kikiwa wazi. Kumbuka jambo hili utakapofika kwenye uvimbe, kwa sababu uvimbe mwingi una njaa ya oksijeni tayari. Mwanga wa pole, au wa vipindi vyenye mapumziko, mara nyingi hufanya kazi kuliko wa pupa.

Liposomu tupu kuua seli si kosa lako wala si siri. Oksijeni singleti inayotoboa utando wa liposomu inatoboa na utando wa seli, na hiyo ni tiba inayojulikana kwa jina lake, tiba ya mwanga. Ila huwezi kuiita kazi ya doksorubisini. Itenganishe. Unahitaji makundi haya, kila moja kwenye giza na kwenye mwanga: seli peke yake, liposomu tupu zenye porfirini, liposomu zenye porfirini na dawa, liposomu zenye dawa bila porfirini, na dawa huru. Doksorubisini hainyonyi mwanga wa 665, kwa hiyo dawa huru gizani na kwenye mwanga lazima zilingane. Zisipolingana, una joto au leza yako ina rangi nyingine ndani yake. Kisha fanya jaribio ambalo naona ndilo litakalokutetea mbele ya wakaguzi: mulika liposomu kwenye chombo pembeni, subiri, ndipo uziweke kwenye seli zilizo gizani. Singleti huishi mikrosekunde chache tu kwenye maji, haiwezi kuvuka hadi kwenye seli. Fanya vivyo hivyo kwa zile tupu, maana utando uliooksidika nao unaweza kuwa na sumu yake. Zenye dawa zikiua kuzizidi zile tupu, sifa ni ya dawa. Ukishapata hilo, shusha dozi ya mwanga mpaka zile tupu zisiue, uone kama zenye dawa bado zinaua. Dirisha hilo kati ya dozi mbili ndilo utafiti wako.

Nimebakiza la msimamizi, nalo lina pande mbili.

Neno "zinazolenga" halikai hapo. Liposomu zako hazina kitu kinachotafuta seli za saratani. Zikiingia kwenye damu, nyingi zitaishia ini na wengu. Kinacholenga ni mwanga, pale daktari anapouelekeza. Ni ulengaji halali, wala si wa kuonea aibu. Uandikwe hivyo.

Umio ni chaguo zuri kwa sababu mbili. Saratani hiyo ni mzigo mkubwa katika ukanda unaoshuka kutoka Ethiopia na Kenya kupitia Tanzania hadi Malawi na kusini, na wengi hufika hospitali chakula kikiwa hakipiti tena. Na umio hufikika kwa kamera na nyuzi za mwanga. Marekani iliidhinisha Photofrin, dawa ya porfirini inayoamshwa na mwanga, kwa umio ulioziba mwaka 1995: miligramu 2 kwa kilo ya mgonjwa kwenye mshipa, na baada ya saa 40 hadi 50, mwanga wa nanometa 630, jouli 300 kwa kila sentimita ya uzi unaotawanya. Mwaka huohuo iliidhinisha Doxil, doksorubisini ndani ya liposomu, kuanzia na saratani ya Kaposi. Kazi yako ni mtoto wa hao wawili, lakini liposomu za doksorubisini zinazofunguliwa kwa mwanga bado hazijaidhinishwa kwa mgonjwa yeyote. Mwanga mwekundu huua uvimbe kwa kina cha milimita chache, 5 hivi. Kwa hiyo hata siku zikifika huko, zitafungua njia ya chakula au kutibu uvimbe mdogo wa juu juu, hazitafuata saratani iliyokwisha kwenda ini.

Tena kuna jua. Aliyepewa Photofrin anaonywa kujikinga na jua angalau siku 30, na mafuta ya kawaida ya kuzuia jua hayamsaidii, kwa sababu kinachomuunguza ni mwanga unaoonekana, si miale ya urujuanimno. Hatakiwi pia kujifungia kwenye giza totoro. Mwanga wa kawaida wa ndani huimaliza dawa iliyobaki kwenye ngozi polepole. Mwambie hayo mtu anayesubiri daladala saa sita mchana na uone kwa nini uvujaji wa gizani na muda wa porfirini kukaa kwenye ngozi ni maswali ya kwanza hapa kwetu, siyo ya mwisho. Panya nao wasianze kabla toleo lako halijakaa siku 7 gizani na saa 24 kwenye seramu kwa uvujaji usiozidi asilimia 10. Watakapoanza, vizimba viwe kwenye mwanga hafifu tangu sindano, na uvimbe usizidi milimita 5 au 6, la sivyo utakuwa unapima kina cha mwanga badala ya nguvu ya dawa.

Kwa msimamizi nenda na jedwali la vichupa vya mbele na vya nyuma mkononi, kabla hajakuuliza. Kisha mpe kichwa mbadala ambacho kinaweza kuwahi mwezi huu bila kumdanganya mtu: "Mchango wa DOPC, kolesteroli na mwanga wa mazingira katika uvujaji wa doksorubisini kutoka kwenye liposomu zenye porfirini". Matoleo mawili mapya na siku 7 za giza la kweli zinakutosha kukijaza.